Mapovu ya Uongo

"Jirani, hicho kichwa nacho kimepata pancha?"

Aliyeuliza ni Msusi, Jumanne moja asubuhi, amesimama mlangoni na kitana mkononi. Alilazimika kuuliza mara mbili, maana mara ya kwanza aliyeulizwa hakusikia kitu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la kazi, lile la kutafutia pancha, kichwa chote kimezama majini hadi shingoni, mkono mmoja umebana pua na wa pili umeshika ukingo wa beseni. Alipoinuka, maji yakimchuruzika mpaka kwenye ovaroli, alipepesa macho kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Umesemaje?"

"Nimesema, hicho kichwa kimepata pancha?"

Msusi alitaka wacheke tu. Ndiyo ilikuwa desturi yao, kuchokozana kutwa nzima kupitia ukuta wa mbao unaotenganisha saluni na duka la matairi. Lakini siku hiyo mwenzake hakucheka. Alijipangusa uso kwa tambara, akatazama barabarani huku na huku, kisha akamshika Msusi mkono na kumvuta ndani.

"Labda kimepata, labda hakijapata. Hicho ndicho ninachokitafuta. Na kwa kuwa umekwisha kuniona, basi ni Mungu amekuleta. Mtu hawezi kuyaona mapovu ya sikio lake mwenyewe."

Mama Upepo ndilo jina lililomganda mwanamke huyu, likashika kuliko gundi yoyote aliyowahi kuipaka. Mumewe alikuwa fundi wa matairi, na alipofariki alimwachia mtoto mmoja wa kike, mashine moja ya kujazia upepo, na kibao kilichoandikwa UPEPO HAPA. Watu walidhani ataiuza mashine, atafute kazi nyepesi. Yeye akaivaa ovaroli ya marehemu, akaikunja miguu mara mbili, akafungua duka. Madereva wa mwanzo walisimama kwa huruma. Waliofuata walisimama kwa sababu pancha iliyozibwa na mama yule hairudi.

Siri yake ilikuwa kwenye beseni. Kila fundi hujaza tyubu upepo, huizamisha majini, na kungoja mapovu yamwonyeshe palipotoboka. Lakini Mama Upepo alikuwa na jambo moja alilolishika kama amri. Mpira unapoingia majini, alisema, huingia na hewa iliyoganda juu yake, na hewa hiyo nayo hupanda ikifanya mapovu. Hayo aliyaita mapovu ya uongo. "Pitisha kiganja kwanza, uyafute ya uongo yaende zake. Halafu tulia. Yatakayoendelea kutoka, hayo ndiyo ya kweli." Fundi mwenye haraka hubandika kiraka mahali pazima, na tundu likabaki linamcheka. Wote waliopita mikononi mwake kujifunza kazi walifundishwa hivyo, na wateja wa zamani waliweza kuyasema maneno hayo pamoja naye, mpaka kwenye "tulia", ambapo yeye huinua kidole.

Na hata habari ya safari ilianzia kwenye beseni hilo hilo.

Miezi mitano nyuma, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya duka, tairi la nyuma limelala kabisa. Nyuma lilikuwa limebeba mitungi ya chuma iliyopangwa kama chupa za soda, miwani mikubwa ya mpira, na viatu vya kuogelea mfano wa miguu ya bata. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu, nywele amezinyoa, ngozi imekolea jua. Alijieleza kuwa ni mwalimu wa kupiga mbizi huko pwani. Anawafundisha watu kushuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, wakapumua huko kama wamekaa sebuleni kwao. Tyubu ilipozamishwa, alichuchumaa kando ya beseni, akayatazama mapovu yakipanda, akatabasamu.

"Kumbe mama kazi yetu ni moja. Sisi nasi tunaishi kwa kuangalia mapovu. Ila sisi tunayaangalia kutokea chini."

"Kutokea chini yanakuwaje?"

"Mazuri, mama. Kama shanga za fedha. Yanatoka madogo, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyonenepa."

Mama Upepo alicheka. "Na mkitaka kuitana huko?"

"Hatuitani. Mdomoni kuna mpira wa kupumulia. Tunaongea kwa mikono." Akaunganisha kidole gumba na cha shahada, vikafanya duara. "Hii ni 'niko salama'." Akasimamisha dole gumba. "Na hii usije ukasema ni 'safi'. Hii ni 'tupande juu'. Nina mwanafunzi mmoja, kila nikimwuliza yu hali gani ananipa dole. Basi namshika, napanda naye. Mara tatu! Mara ya nne akaniuliza juu kule, mwalimu, mbona hunipeleki chini?"

Walicheka mpaka Msusi akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha Mama Upepo, akiwa ameinamisha uso kwenye kazi yake, akauliza polepole:

"Na mtu... tuseme mtu asiyesikia vizuri?"

"Kule chini, mama, hakuna anayesikia vizuri. Kule sote tuko sawa."

Mwalimu alilisema hilo kwa mzaha tu. Lakini neno lilimwingia Mama Upepo mpaka akapaka gundi mahali pasipohitaji gundi.

Maana alikuwa na jambo lake. Miaka kumi na minne nyuma, alipokuwa anajaza tairi la lori, tairi lilimpasukia. Majirani walimkuta amekaa chini, vumbi tupu, bila hata mkwaruzo. Wakamshukuru Mungu, naye akamshukuru pamoja nao, ila shukrani zao alizisikia kwa sikio moja. La kushoto lilikuwa linalia tu, kama valvu iliyoshikwa na mchanga. Lililia wiki nzima. Lilipoacha, likabaki na ukimya mzito, kama limezibwa kwa pamba.

Hakumwambia mtu. Fundi wa matairi husikiliza; upepo unaovuja husema "sss" kabla hata ya beseni, na nani atamwachia tairi lake fundi mwenye sikio bovu? Na zaidi ya hapo, binti yake alikuwa shule ya bweni, mwaka wa mwisho, na angesikia tu angefunga sanduku arudi kumtunza mama. Kwa hiyo alikaa kimya mpaka mitihani iishe. Mitihani ikaisha, kimya kikawa kimekwisha kuzoeleka. Alijifunza kumgeuzia mtu shavu la kulia. Na pale alipopitwa na maneno, alikuwa na jibu moja alilolitoa kwa tabasamu: "Vizuri, Mungu ni mwema." Ni jibu linaloweza kukaa karibu kila mahali. Pale lisipokaa, watu walisema ana maringo.

Sasa hapa, kwenye benchi lake mwenyewe, ameambiwa kuna mahali ambako binadamu hushuka na wote wakawa hawasikii, na hakuna anayemdharau mwenzake.

Mwalimu alipoondoka alimwachia namba. "Nina darasa la akina mama wanaoanza. Njoo mwezi ule bahari inapotulia, maji yakiwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Umeninusuru leo, nafasi yako mimi nakutunzia." Mama Upepo alifikiri ni maneno ya njiani. Lakini mwezi wa pili ulipokuja na ujumbe, na wa tatu, alianza kujipanga kweli. Kuogelea alijua tangu utoto, bwawa lilikuwa nyuma ya shule. Alimpelekea mshonaji kitambaa cha kunyumbuka, ashonewe vazi la kuogelea la mikono mirefu na miguu mirefu, la heshima yake. Alinunua sanduku dogo la magurudumu, akalikagua magurudumu yenyewe dukani mpaka muuzaji akakereka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, aliweka kiganja juu ya mashine na kuomba kama alivyozoea, na mwisho wa sala akaongeza: "Na ile habari ya bahari, Bwana, kama si upumbavu." Ruhusa ya Mungu aliona ameipata. Ya binti yake alikuwa bado hajaiomba.

Kisha zikaja karatasi. Zilitumwa kwa simu, akazichapisha duka la vitabu, akakaa nazo mezani na kalamu. Jina, umri, uzito. Moyo, alijibu hapana. Pumu, hapana. Swali la saba liliuliza: je, umewahi kupata tatizo la sikio, au ngoma ya sikio kupasuka? Anayejibu ndiyo alitakiwa alete saini ya daktari. Alishusha kalamu kwenye kisanduku cha hapana, na kalamu ikasimama. Alijaribu tena. Miaka kumi na minne alikuwa amenyamaza, lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kuandika uongo kwa mkono wake na kuuwekea saini ni kingine. Akaandika ndiyo. Kisha akaogopa kwenda kwa daktari, kama tunavyoogopa wengi wetu, tukiona afadhali tusiulize kuliko tujibiwe.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la beseni. Kama ngoma ya sikio imetoboka, alijiambia, basi ni tyubu tu. Mtu akibana pua na kusukuma pumzi kwa ndani, upepo utatafuta tundu. Kichwa kikiwa majini, mapovu yatasema.

"Haya, zama," Msusi alisema baada ya kuelezwa yote, safari, sikio na fomu, macho yamemtoka kama taa za lori. "Nakuangalia. La kushoto, eh?"

Mama Upepo alivuta pumzi, akazama, akabana pua, akasukuma.

"Yanatoka!" Msusi alipiga kelele. "Yanatoka, shoga! Mengi! Uwiii!"

Alizama tena. Yakatoka tena. Mara ya tatu hakuzama. Alikaa juu ya tairi, misuko ikimdondosha maji mabegani, ile misuko midogo aliyosukwa na Msusi Jumapili kwa ajili ya safari ambayo Msusi hakuwa anaijua.

"Basi," akasema. "Nimetoboka. Usimwambie mtu."

"Mimi? Mdomo huu ni kaburi."

Kaburi lilifukuka kabla ya saa sita mchana. Msusi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, na mteja alikuwa anafahamiana na binti wa Mama Upepo, na maneno yana njia zao. Alisema tu kwamba jirani yake masikini alitaka kwenda pwani kuzamia, sasa haendi tena, na asiulizwe zaidi.

Simu ililia alasiri. Binti alikuwa mwalimu wa chekechea katika mji wa jirani, mwenye sauti iliyozoea kuwanyamazisha watoto arobaini kwa mkupuo, kwa hiyo hata Msusi aliisikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mama! Ni kweli unazamia?"

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli! Mama, na umri huo! Vijana wenye miguu yao wanajificha melini waende ng'ambo, wanashikwa, wanatupwa bandarini, wewe utajificha wapi? Kwenye kontena? Umekosa nini hapa?"

Mama Upepo aliitazama simu. Ndipo alipoelewa kwamba Msusi amesema kuzamia, yaani kushuka majini, na mwanawe amesikia kuzamia kule kwa watu wanaodandia meli kwa siri. Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

"Siendi popote mwanangu. Niko hapa na matairi yangu."

"Jumamosi nakuja," binti akasema, na simu ikakatika.

Jumamosi alikuja kweli, na begi moja na hasira mbili, moja ya safari na moja ya kufichwa safari. Msusi aliitwa kutoa ushahidi, akaja na mikono imejaa mafuta ya nywele.

"Mama mdogo, wewe ulisema mama anazamia."

"Nilisema anakwenda kuzamia baharini! Na mtungi! Sasa kama wewe masikio yako yalikwenda bandarini, kosa langu ni lipi?"

"Mtungi gani tena? Wa gesi?"

"Wa hewa. Anavaa mgongoni kama unavyombeba mtoto."

Binti aligeuka kumtazama mama yake, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyevaa ovaroli ya baba. Alikuwa ameandaa maneno ya meli na makontena, si ya mtungi.

"Mama, unakwenda kupiga mbizi? Wewe?"

"Nilikuwa nakwenda. Nimeahirisha. Nimetoboka sikio."

"Lini?"

Mama Upepo alishika msasa, akauweka chini, akaushika tena. "Ulipokuwa mwaka wa mwisho shuleni. Lile tairi la lori."

Msusi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliondoka bila kuaga. Binti alikaa kwenye benchi. Unaona macho yake yanahesabu kitu kwa nyuma, mwaka hadi mwaka.

"Mama," alisema mwishowe. "Siku ile niliyokuja kukwambia yule kijana amenivunjia uchumba. Tulikaa hapa hapa. Nilikwambia huku nalia."

"Nakumbuka ulikuja."

"Unakumbuka ulinijibu nini?"

Mama Upepo hakukumbuka. Lakini alijua, maana jibu lilikuwa moja tu.

"Ulisema, 'Vizuri, Mungu ni mwema.'"

Gari lilipita, likapiga honi ya salamu. Hakuna aliyelipungia.

"Nilikaa miaka mitatu nikijua kwamba ulifurahi," binti akasema. "Kwamba hukumpenda yule kijana tangu mwanzo."

"Mwanangu, ulikuwa umekaa upande gani?"

Binti aliliangalia benchi. Akanyoosha mkono, akaonyesha upande wa kushoto, karibu na mashine. Mashine iliyokuwa inanguruma siku ile kama inavyonguruma siku zote.

"Nilifikiri unaniambia umepata likizo," mama akasema.

Wakatazamana. Aliyeanza ni binti. Kicheko kilimtoka puani, kikamponyoka, kikageuka machozi, kikarudi kuwa kicheko. "Likizo! Mama, nilikuwa nalia kamasi!" Mama akashika mdomo kwa mikono yenye gundi. Na upande wa pili wa ukuta, Msusi aliyekuwa ameegesha sikio kwenye mbao naye akaangua kicheko, akajisaliti.

"Na kusema kweli," binti akamalizia akijifuta, "Mungu alikuwa mwema. Ungemwona alivyo sasa. Haya, Jumatatu naomba ruhusa kazini. Tunakwenda kwa daktari. Si habari ya bahari. Habari ya wewe."

Daktari wa masikio alikuwa kijana, akampa shikamoo kabla ya kumwelekeza kiti. Chumba chake kilikuwa na meza, kitanda cha ngozi bandia, na picha kubwa ukutani ya sikio lililopasuliwa katikati kama papai. Mama Upepo aliitazama picha hiyo kuliko kumtazama daktari. Alieleza kila kitu, tairi, mlio, pamba, beseni na mapovu. Daktari alisikiliza bila kucheka, ila habari ilipofika kwenye beseni alikohoa kidogo.

Akamwekea chombo chenye taa sikioni. Akaangalia. Akaangalia tena. Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba ameukumbatia. Mama Upepo alikuwa anaomba kimoyomoyo, na sala ilikuwa neno moja tu linalorudiwa.

"Mama, bana pua. Funga mdomo. Sukuma pumzi taratibu, kama ulivyofanya kwenye beseni."

Akasukuma.

"Tena."

Akasukuma tena. Daktari akazima taa.

"Ngoma inacheza vizuri. Hapapiti hewa."

"Unasemaje?" Mama Upepo akamgeuzia sikio la kulia.

"Hapapiti hewa, mama. Hapajatoboka. Kwa usahihi zaidi, palitoboka, zamani. Kovu naliona. Lakini pameziba, na pameziba imara."

"Mbona mapovu yalitoka? Nina shahidi."

"Ulipoingiza kichwa majini, tundu la sikio liliingia na hewa yake. Kama kikombe ukikizamisha kifudifudi. Na hizo nywele zako zilivyosukwa, ndani yake mna hewa pia. Ukitikisika kidogo tu, inapanda. Hayo mapovu hayakutoka ndani yako. Yalitoka nje."

Mama Upepo alilitazama tena lile sikio la ukutani. Kisha akajipiga kofi la paja, likasikika mpaka kwenye korido.

"Ya uongo!" akasema. "Mwanangu, yalikuwa ya uongo! Mimi! Miaka yote hii nawafundisha watu, futa kwanza, halafu tulia. Mimi mwenyewe sikufuta!"

Binti alikuwa ameufunika uso kwa mkoba, mabega yakimtikisika. Daktari alitazama huku na huku, hajui ameingia katikati ya nini, akaelezwa. Safari hii hakukohoa. Alicheka wazi.

"Sasa nani alipaziba?" Mama Upepo akauliza alipopata pumzi.

"Ngoma ya sikio mara nyingi hujiziba yenyewe."

"Haikujiziba, daktari. Mimi ni fundi. Kiraka hakijibandiki."

Daktari aliangalia kidole cha Mama Upepo kilikoelekea, kwenye dari, na juu ya dari. "Sawa mama. Basi tuseme mimi nimekagua tu."

Hakumficha la pili. Alimpima kwa mashine ya milio, akamwambia kwamba sikio la kushoto linasikia nusu, na nusu iliyoondoka haitarudi. Chini ya maji asiende mbali, ashuke pole pole, asawazishe masikio kwa kubana pua na kusukuma pumzi kabla hayajauma, na likiuma asione haya, dole gumba juu, apande. Mama Upepo aliitikia kila neno. Ile nusu haikumuumiza kama alivyodhani. Alikuwa ameibeba miaka yote akidhani ni tundu, na tundu huongezeka. Kumbe ni kiraka, na kiraka alikijua tangu ujana wake: kikishikika, unasafiri nacho.

Saini ya daktari ilikaa chini ya swali la saba, ya wino wa buluu, yenye mkia mrefu. Nje ya hospitali alisimama, akashusha pumzi iliyomtoka tangu miguuni, akavuta nyingine. Binti alimshika kiwiko.

"Nakuja na mimi huko pwani," akasema. "Majini siingii, usiniulize. Nitakaa kwenye boti niangalie mapovu yako. Yakipanda nitajua unapumua."

"Ufute kwanza ya uongo."

"Mama, hebu."

Jioni ile walirudi dukani. Msusi alikuwa amefunga saluni mapema ili asipitwe, akapewa habari yote, akadai sehemu ya sifa kwa kuwa ni yeye aliyeyaona mapovu, hata kama hayakuwa yenyewe. Akafundishwa duara na dole gumba. Alipoulizwa kwa mkono yu hali gani, akatoa dole.

"Umekwisha kupandishwa juu wewe," Mama Upepo akamwambia. "Nenda zako nyumbani." Naye akaenda, akijaribu vidole vyake njiani.

Mashine ilikuwa imezimwa. Mama Upepo alikaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, akavua viatu. Binti alikaa kando yake, mahali pake pa siku zote, akakunjua karatasi ya mwalimu yenye orodha ya safari na saa za basi, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, ya nyumbani, si ile ya chekechea. Mama yake alitikisa kichwa kwa mstari wa kwanza, akatikisa kwa wa pili, na kwa wa tatu midomo yake ilikwisha kufunguka kusema, "Vizuri." Akaifunga. Akamwekea mwanawe mkono juu ya karatasi.

"Mwanangu, hamia huku kulia, halafu anza tena mwanzo."